Vikombe Vilivyoachwa Wazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mkurugenzi wa Kituo chetu cha Utafiti wa Udongo, Ndugu Mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, viongozi wa wakulima mliotoka mbali, wafanyakazi wenzangu wa maabara na wa shambani, na kwa namna ya pekee familia ya mwenye shughuli, yaani shemeji yetu fundi seremala na binti yake muuguzi: hamjambo, na poleni kwa kukaa tangu asubuhi kwenye viti vya plastiki.

Nimepewa dakika kumi nimsifu Mama Vikombe, anayestaafu leo baada ya miaka ishirini na sita. Kumsifu ni kazi rahisi. Hata mtunza stoo wetu, ambaye hamtolei mtu hata neno jema bila kumsainisha daftari kwanza, angeiweza. Mimi nimekuja na jambo jingine. Ndani ya faili lake kuna barua ya onyo inayosema alifanya uzembe kazini, na kwa sababu ya barua hiyo amenyimwa mara mbili cheo cha fundi mkuu wa maabara. Sitaki astaafu nayo. Kabla sijaketi nitawaeleza ilifikaje humo.

Wageni wetu huenda mnajiuliza, vikombe gani hivyo? Ndani ya udongo wa shamba mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokula mabua, mizizi na majani yaliyooza, na vikishakula hutoa hewa ya kaboni, ile ile tunayoitoa sisi tukipumua. Tukitaka kujua udongo umetoa kiasi gani, tunaweka juu yake kikombe kidogo chenye dawa inayonyonya hewa hiyo, tunakifungua kifuniko chake, tunakifunika kwa kopo kubwa la bati lililozamishwa kidogo ardhini, na kesho yake tunapima dawa imenyonya kiasi gani. Vikombe arobaini, kila wiki, mvua au jua, na vyote huwekwa mtu akiwa amepiga magoti. Ndiyo kazi yake.

Sasa fikirini nanyi: mkulima akitia mbolea ya nitrojeni, udongo utatoa kaboni zaidi, au utatoa kidogo? Naona mnavyotazamana. Wengine wananong'ona kuwa zaidi, maana aliyelishwa hupata nguvu. Wengine wamenyamaza, na hao ndio wenye busara. Swali hili si mchezo, kwa sababu kaboni inayobaki ndiyo inayoufanya udongo uwe mweusi, ushike maji na ulishe mahindi ya mwakani, na ile inayotoka inakwenda kuongeza joto la dunia.

Miaka ishirini na miwili iliyopita nilikuja hapa nikiwa mwanafunzi, mwembamba, mjuaji, navaa viatu vya ngozi shambani. Mama Vikombe alikuwa msaidizi wa maabara, nikapewa yeye anifanyie vipimo. Baada ya misimu miwili vipimo vilisema waziwazi: penye mbolea, kaboni inatoka kwa wingi, karibu mara moja na nusu ya pasipo mbolea. Nikaandika ripoti. Ilikuwa isomwe mbele ya viongozi wa wakulima baada ya wiki mbili, nayo iliwashauri wapunguze mbolea kwa nusu. Nilikuwa nimeshaanza kujiita daktari kimoyomoyo.

Kisha nikashikwa na homa. Wiki hiyo Mama Vikombe alikwenda shambani peke yake, na vipimo vya penye mbolea vikaporomoka. Nilipopona akanionyesha, nikamwambia bila shaka alikosea. Hakubishana. Alichukua vikombe viwili vya dawa akaenda navyo stoo, kimoja akakifunika, kingine akakiacha wazi, akakiinamia nusu saa nzima akikisimulia visa vya mama mkwe wake. Shemeji, samahani, nasema yaliyotokea. Mtunza stoo alikwenda kumwita mlinzi waje wamshuhudie mtu mzima na akili zake akipiga soga na kikombe. Mama Vikombe alipovipima, kilichofunikwa hakikuwa na kitu cha maana, na kile kilichosikiliza kilikuwa kimenyonya kaboni si haba.

Hapo ndipo tulipoelewa. Mahindi yenye mbolea yalikuwa marefu, yana kivuli. Yasiyo na mbolea yaliishia magotini. Pasipo mbolea tuliweka vikombe haraka haraka tukakimbia jua. Penye mbolea tulivifungua vyote kwa pamoja, tukavipanga miguuni petu, tukakaa kivulini kupiga soga kwanza, ndipo tukavifunika kwa makopo. Kwa misimu miwili, sehemu kubwa ya kile tulichokiita pumzi ya udongo ilikuwa pumzi yetu wenyewe.

Nilimsihi anyamaze. Nilimwambia tofauti si kubwa, ripoti imeshachapwa, na waalikwa wameshapewa taarifa. Alinitazama, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, kweli mkulima apunguze mbolea kwa ajili ya porojo zetu?"

Nikaichukua ripoti yangu. Tukaenda kwa mkurugenzi wa wakati ule, ambaye naye alishastaafu siku nyingi, na Mama Vikombe akaeleza yote. Mkurugenzi akauliza ni nani aliyeviacha vikombe wazi. Akajibu, "Anayefungua vikombe ni mimi." Hakusema uongo. Lakini habari yenyewe haikuishia hapo, na mtu aliyepaswa kuimalizia alikuwa amesimama kando yake, amekumbatia ripoti kifuani, anahesabu vigae vya sakafu. Mtu huyo ndiye huyu anayewahutubia. Mama Vikombe alikuwa akifungua kimoja na kukifunika, kimoja na kukifunika, kama alivyofundishwa. Mimi ndiye niliyemwamuru afungue vyote kwa pamoja tusipoteze muda, na alipokataa nikamwuliza kati yetu msomi ni nani. Hayo ndiyo maneno yangu, na yananitia aibu mpaka leo.

Ripoti ikafutwa. Yeye akaandikiwa onyo. Mimi nikaongezewa misimu miwili.

Tukarudia kazi, kikombe kimoja kimoja, midomo imefungwa, na jibu likageuka. Kwenye shamba letu hili, penye mbolea ya kiasi udongo ulitoa kaboni kidogo kuliko pasipo mbolea. Mimi nilikuna kichwa. Mama Vikombe akasema, labda vile vijidudu vikiwa na njaa ya nitrojeni ndipo vinapochimbua mboji ya zamani kuitafuta. Vikipewa mkononi, vichimbue kwa nini? Swali hilo likawa tasnifu yangu. Yeye nilimpa mstari mmoja kwenye ukurasa wa shukrani. Wala msidhani tumemaliza: pale tulipotia mbolea kupita kiasi mwaka hadi mwaka, udongo umekuwa mchachu, na vipimo vinapanda na kushuka bila kutuaga. Kipande cha shamba namba tisa hatukielewi hata kidogo. Wiki iliyopita, akiwa amebakiza siku nne tu za kazi, nilimkuta amepiga magoti hapo hapo namba tisa, anaguna.

Miaka mingi baadaye nilimwuliza kwa nini hakunitaja. Nilitegemea aseme alinihurumia. Alisema, "Wangekufukuza, na kibali cha shamba kilikuwa kwa jina lako. Mimi nilitaka kujua jibu."

Ndugu zangu, mimi nilitaka shahada. Yeye alitaka kujua. Kati yetu, mwanasayansi alikuwa nani? Na ni nani aliyepewa maabara aiongoze?

Ndugu Mkurugenzi, hii hapa barua yangu. Nimeeleza kila kitu na nimetia saini. Naomba lile onyo litoke kwenye faili lake lihamie kwenye langu, na cheo cha fundi mkuu apewe leo, hata kama saa zake za kazi zimebaki tatu.

Naona Mama Vikombe ananipungia mkono niketi. Dada, nilikuacha ukasimama peke yako mbele ya mkurugenzi mmoja. Mbele ya huyu, acha nisimame mimi.

Nyote mlionitegea sikio mpaka neno hili la mwisho, nawashukuru sana. Ndugu Mkurugenzi, barua naiweka mbele yako, na sitarudi kwenye kiti changu mpaka uifungue.