Daktari Magoti na Chumba Kilichokuwa Kimya

Baada ya miaka ishirini na minane ya kazi, tarehe thelathini ya mwezi huu, mtafiti wetu wa malezi na elimu ya watoto wadogo ataliondoa koti lake kwenye msumari nilioupigilia mimi, na kesho yake hatalirudisha. Kila anachokijua kuhusu watoto nilimfundisha mimi, fundi seremala wa kituo hiki.

Haya, hapana. Katibu ameusoma mstari huo akaniangalia kwa juu ya miwani, nikaona niukate uongo kabla haujaota mizizi. Nilimfundisha jambo moja tu: kufungua mlango wa stoo ya mifagio, ambao hautaki kusukumwa mpaka uuinue kidogo kwa goti. Hayo mengine yote alinifundisha yeye, na mimi ni mwanafunzi mgumu. Shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, hatujakubaliana mpaka leo.

Stoo hiyo ndiyo aliyopewa kuwa ofisi. Mifagio haikuhamishwa. Alikaa nayo mwaka mzima kama wapangaji wenza, na sikumsikia akilalamika, ila mara moja aliuliza kama ile ndoo ya deki inaweza kutafutiwa makazi mengine.

Siku yake ya kwanza tulimpeleka kutazama vyumba. Alipofika chumba cha watambaao, akapiga magoti mlangoni. Tukadhani anasali, tukainamisha vichwa. Kumbe anaingia! Alikizunguka chumba kizima kwa magoti, sketi yake nzuri ikifagia sakafu, akitazama chini ya meza, akitazama madirisha ambayo kwa kimo kile yalionyesha dari tu. Aliposimama akasema, “Picha zenu mmewabandikia walezi. Mtoto hapa anaona miguu ya meza.” Mimi ndiye niliyezibandika picha zile, tena kwa kutumia ngazi.

Tangu siku hiyo jina lake likawa Daktari Magoti. Mpishi wetu, Mungu amrehemu, alilisikia akafurahi, akaja stoo akapandisha gauni na kumwonyesha goti lililovimba. “Mama, mimi si daktari wa hivyo.” “Sasa wewe ni wa nini?” “Wa kuuliza maswali.” Mpishi akashusha gauni. “Basi niulize linauma wapi.” Wakacheka mpaka mifagio ikaanguka. Baada ya hapo nilimshonea Daktari vifuko vya sponji vya kufunga magotini, na hivyo ndivyo alivyofanya utafiti wake wote, kwa kimo cha anaowatafiti.

Sasa lazima niwaeleze kibendera, maana vijana walioajiriwa juzi hawakukikuta.

Zamani kila Ijumaa Mkuu wa kituo alipita vyumba vyote akiwa na kibendera cha kitambaa cha bluu. Chumba kilichokuwa kimya kuliko vyote wiki ile kilitundikiwa kibendera mlangoni. Tulikipenda, jamani! Wazazi walikitazama kwanza kabla ya kuwatazama watoto wao. Tulisema samaki mkunje angali mbichi, na mkunjo wenyewe tuliouthamini ulikuwa kunyamaza. Chumba cha kona kilikaa na kibendera mpaka kikapauka kwa jua. Watoto wake walikaa pale walipowekwa. Mmoja wao, kijana wa miaka miwili, tulimwita Sanamu. Ungemweka mkekani asubuhi, mchana ukamkuta palepale, macho mazuri, mdomo umefungwa. Tulimsifu sana.

Chumba ambacho hakikupata kibendera hata Ijumaa moja kilikuwa cha Mama Redio. Mama Redio ni mke wangu.

Mke wangu alikuwa mlezi wa chumba cha pili, na kazi yake aliipenda kuliko alivyonipenda mimi, jambo ambalo sikatai kwamba lilikuwa na busara. Aliwaosha watoto akiongea, akawalisha akiongea. Aliwaeleza bei ya sabuni, tabia za mawifi zake na namna mimi ninavyokoroma. Wenzake walimpitia mlangoni wakisema debe tupu haliachi kuvuma. Mkuu alimwonya mara mbili. Mara ya tatu alimwambia muhula ukiisha na yeye aishie hapo hapo, kituo si sokoni. Nyumbani kwetu wakati huo palikuwa na wajukuu wawili wa kulishwa, na zaidi ya hilo, mwanamke huyo bila watoto wa kuongea nao angekufa, au angeongea na mimi peke yangu, nikafa mimi.

Huku nyuma Daktari alikuwa na wazo lake alipendalo. Aliamini watoto wetu wanachelewa kusema kwa sababu vyumba havina vitu vya kuchezea na kutazama. Akamshawishi Mkuu, akawashawishi wafadhili, akanishawishi mimi nikachonga matofali ya mbao, wanyama, magari yenye magurudumu ya kweli. Vyumba viwili vikapewa, viwili vikaachwa vivyo hivyo ili vilinganishwe. Vile vyenye vitu vilipendeza kama harusi. Kila aliyepita alisema, “Daktari, umeleta mapinduzi.”

Kulipokucha siku ya kutoa majibu, alisimama mbele ya kikao na nguo yake ya heshima. Tulikuwa tumeshaandaa makofi. Akasema, “Nilikosea. Watoto wa vyumba vyenye vitu hawasemi maneno mengi kuliko wenzao. Wamefurahi, hawajasema.”

Wenzangu, mimi nimeishi miaka mingi na nimefanya kazi na mafundi wengi. Fundi akipiga msumari ukapinda, huupigilia ubavuni na kupaka rangi juu. Sijawahi kuona mtu anasimama mbele ya bosi wake, mbele ya wafadhili, mbele ya watu waliokuja kumpigia makofi, na kuuonyesha msumari wake uliopinda kwa kidole chake mwenyewe. Hakuna ambaye angejua kama asingesema. Mdomo wangu ulibaki wazi mpaka mpishi akaufunga kwa mkono.

Mkuu, tusimseme vibaya, alifurahi kidogo kupita kiasi. Akasema stoo inahitajika kwa mifagio.

“Lakini,” Daktari akasema, “kuna jambo sikulitafuta nimelikuta.” Chumba cha pili, ambacho hakikupewa hata gari moja la mbao, watoto wake walisema maneno mengi kuliko wote. Kikao kizima kikageuka kumtazama mke wangu, naye kwa mara ya kwanza maishani akatazama viatu vyake.

Mtu mwingine angeshika hapohapo akatangaza ushindi. Yeye hapana. Alisema huenda ni bahati, huenda watoto wale wanatoka nyumba zenye maneno mengi. Hajui. Akaomba nusu mwaka ajue: Mama Redio ahamie chumba cha kona, mlezi wa kona aje chumba cha pili, tuone maneno yatamfuata nani. Mkuu akakubali kwa sharti. Kona ikibadilika, Mama Redio abaki. Isipobadilika, waondoke wote wawili, mwenye maswali na mwenye maneno.

Hapo ndipo mke wangu alipoharibu kila kitu. Alinyamaza!

Kazi imening'inia, mtafiti amepiga magoti kwenye pembe ya chumba, kibendera cha bluu kinampepea mlangoni. Mwanamke akaingiwa na hofu akawa na adabu. Aliwavalisha watoto nguo kimyakimya kama anayefunga vifurushi. Nyumbani nako vilevile. Nilikaa mezani nikisikia meno yangu yanavyotafuna. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nikawa nausubiri mshindo huo nikiwa nimejikunyata. Mwisho nilikimbilia stoo. “Daktari, mwambie aongee!” Akatikisa kichwa. Nilimwona machozi yako karibu. Akasema, “Baba, nikimwambia aongee, nitakuwa nimepima maneno yangu, si yake.” Kazi yake mwenyewe ilikuwa kwenye mizani ileile, na hakutaka kuigusa mizani hata kwa kidole kidogo.

Wiki ile magoti yake yalimzidi, sponji au si sponji. Nikachukua kigoda changu cha karakana, mbao ngumu, kigoda nilichokalia tangu ujana, nikakikata miguu kikawa kifupi kama cha mwanasesere. Akakikalia pembeni, akaendelea kungoja.

Ukombozi ulitoka kwa Sanamu. Daktari alikuwa amevua viatu. Kijana yule, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akihama mkekani, akanyoosha mkono akachukua kimoja, akakiinua. “Aa?” akasema.

Mke wangu akajitahidi. Naapa alijitahidi, akajiziba mdomo kwa mkono. Kisha neno likamponyoka. “Hicho kiatu! Cha nani hicho? Chako?” Akanyamaza, akamtazama usoni. “Aa,” akasema Sanamu. “Ahaa, si chako! Cha Daktari. Kinanuka?” Akanyamaza tena. Sanamu akakinusa. “Aaa!” “Kinanuka, ee? Hata mimi naona hivyo. Tumwambie akioshe?” Na watoto wengine wakaanza kusogea kutoka pembe zao, mmoja mmoja, waje kunusa.

Sisi tuliokuwa dirishani tuliona mama na kiatu. Daktari aliona jambo jingine, na ndilo linalonifanya mpaka leo nimtazame kama mtu anayeona upepo. Alituambia baadaye, “Mmempa jina lisilo lake. Redio husema bila kungoja. Huyu husema, kisha humngoja mtoto, hata asiye na jino moja, amjibu. Akijibiwa ‘aa’ huichukua hiyo ‘aa’ kama neno la mtu mzima na kumrudishia. Siri haiko kwenye wingi wa maneno. Iko kwenye zamu.” Nimeishi na mwanamke huyo tangu tukiwa na nywele, na sikuwahi kuliona hilo. Katika kujitetea niseme kwamba zamu hiyo mimi sikuwahi kupewa.

Nusu mwaka ulipoisha hakuwapima watoto yeye. Alimleta mwenzake kutoka chuoni, ambaye hakuambiwa nani kahamia wapi. Nikamuuliza kwa nini asiwasikilize mwenyewe na anawajua. Akasema, “Masikio yangu yana upendeleo, yamepumzishwa.” Yule mgeni akasikiliza vyumba vyote siku kadhaa, akarudi na jibu: waliokuwa nyuma ya wote, wa kona, walikuwa wamewafikia wa chumba cha pili, na kwa kuuliza maswali walikuwa wamewapita. Mke wangu akabaki kazini. Alipiga kigelegele ambacho kwa kibendera cha zamani kingetufukuzisha sote.

Mlezi wa kona alilia, mama mpole yule, akidhani amewadhuru watoto wa watu. Daktari akapiga magoti mbele yake, kwa mazoea tu nadhani, akamwambia, “Ulifanya kile tulichokupa kibendera ukifanye.” Akamkalisha wiki kadhaa karibu na mke wangu, na akawa mlezi mwenye zamu nzuri kuliko wote tuliowahi kuwa nao. Kibendera tulikikuta siku moja kimemfunika mwanasesere aliyelala. Hakuna aliyemwamsha.

Kilichofuata mnakijua, maana kimewaleta wengi wenu hapa. Vituo vingine vilituma walezi wao waje kukaa sakafuni. Akina baba walifundishwa jioni wanapokuja kuwachukua watoto, na kuna madereva na mafundi bomba waliojifunza hapa kujibu “aa” kwa heshima. Daktari aliandika mengi, yakasomwa mbali. Kila alipoandika aliweka na yale magari yangu ya mbao yaliyoshindwa, ili mwingine asipoteze mbao. Alipoteza funguo kila wiki. Chai yake sijawahi kuiona ikinywewa ingali moto. Na Sanamu? Ndiye mshereheshaji wa leo. Mtajionea wenyewe kama kuna atakayeweza kumnyamazisha.

Daktari, kwa niaba ya walezi, wapishi, walinzi, na wote waliopita hapa wakiwa na kimo cha meza, asante. Nenda ukapumzishe magoti. Chai yako ikukute, na siku zako ziwe na watu wa kukujibu.

Limebaki dogo. Kile kigoda changu ulisema utakirudisha magoti yakipona. Najua kiko chini ya dirisha lako. Ukilete Jumamosi. Mimi na wewe kwa sasa tukikikalia hatutainuka bila msaada, kwa hiyo tutakuwa na nafasi. Mama Redio nimeshamwomba aende kwa wifi yake mchana huo. Utakaa, utanitazama usoni, mimi nitasema “aa”, na wewe utangoja. Nami nina zamu yangu.