Dirisha la Jumatano

Mheshimiwa Liwali, Bwana Meneja wa shamba, majumbe wa Mlandizi na Magindu, manyapara, wakata mkonge na ndugu zangu mliofika: salamu za heshima kwa kila mmoja kwa daraja lake.

Nimeamriwa mimi, karani Adamu, nimuage Mzee Pazi kwa niaba ya ofisi. Nimeambiwa nimsifu, nami nitamsifu. Miaka ishirini na mitano amekata mkonge hapa. Mwiba ulimtoboa jicho la kushoto, akapumzika siku tisa, akarudi shambani. Leo ofisi inampa blanketi na kofia. Blanketi ni zuri, Bwana Meneja. Nimelishika mwenyewe.

Lakini mnauliza, na mnauliza kwa haki: mtu wa miaka yote hiyo, akiba yake iko wapi?

Mwaka wa arobaini na sita, meneja aliyekuwapo alianzisha akiba ya uzeeni. Kila mfanyakazi alikatwa kidogo katika mshahara, na shamba likaongeza nusu yake. Tuliwaandika wote, tukatangaza kwamba asiyetaka aje aseme. Katika watu mia mbili na kumi, waliokuja kukataa walikuwa wanne. Hata wale waliosifika kwa kunywa tembo walikuwa wanaweka.

Baada ya miaka miwili akaja bwana mwingine, na mpango ukageuzwa. Wote walifutwa, wakarudishiwa chao. Anayetaka kuweka, tukaambiwa, aje mwenyewe dirishani, Jumatano asubuhi, saa mbili hadi saa nne. Je, saa hizo mkata mkonge yuko wapi? Yuko kwenye mistari, na akitoka, kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, hakiandikwi siku ile. Walikuja watu kumi na mmoja.

Mzee Pazi alikuja. Alisimama mbele yangu, jasho limemkaukia usoni, akasema anataka kuandikwa. Nikamwambia saa nne imepita, arudi wiki ijayo. Akarudi mapema. Nikamwambia karatasi inataka mashahidi wawili wenye mshahara wa mwezi. Aliitazama ile karatasi kwa jicho lake moja, akaondoka.

Jumatano ya tatu sikumwona. Nilimkuta gulioni Mlandizi na mkewe, Bi Mwanne, nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa upole, na upole ule unaniuma mpaka leo:

"Nimekuja mara mbili, na mara mbili nimepoteza siku. Nikija ya tatu, mwanangu, nyumbani watakula nini? Hiyo akiba?"

Akanunua mbuzi, ndiyo ikawa akiba yake. Mbuzi hao walikwisha kwa maradhi mwaka wa ukame.

Mwisho wa mwaka ule wa dirisha nililetewa barua niipige taipu. Ilisema wenyeji hawana tabia ya kuweka akiba. Niliipiga bila kosa hata moja, nikasifiwa. Nilijua kuwa ni uongo, maana watu walikuwa walewale, na mikono ileile. Kilichobadilika ni mlango tu. Lakini nilikuwa na mshahara wa mwezi, nikanyamaza. Mzee Pazi, mbele ya Liwali na mbele ya wanao, nakuomba radhi. Sheria haikuwa yangu, lakini dirisha nililifunga mimi.

Bwana Meneja, kuna jambo hujalisikia. Mwezi uliopita tuliajiri watu thelathini na mmoja. Siku waliyopewa vipande, juu ya meza ileile, niliweka karatasi ya akiba. Niliwasomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, nikawaambia asiyetaka aseme hapohapo. Mashahidi tulikuwa mimi na mpishi wako, sote wa mshahara wa mwezi. Alikataa mmoja tu, kwa kuwa anarudi kwao masika yakiisha. Hao thelathini wametia dole gumba, na karatasi zao zimekwenda ofisi ya akiba Dar es Salaam kwa treni ya juzi.

Sikuomba ruhusa. Ukiamua kuwafuta, waite hapa, uwaambie wewe mwenyewe, saa za kazi, na siku yao uwaandikie. Mimi sitakuandikia barua hiyo.

Mzee Pazi, Mungu akufikishe salama kwenu Magindu. Nanyi nyote mlionivumilia mpaka neno la mwisho, nawashukuru.