Fundi Nathaniel na Kipimo Kilichofika Ndani

Kisa cha kipimo, ambacho wengi mliofika hapa Buswelu mmekisikia vipande vipande, kilisimuliwa kwanza na Mzee Bashiru Salum, mwezi Desemba mwaka 2003, siku ya kipaimara cha Kokulinda, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imeona vema kisomwe leo ndani ya wasifu huu, kwa sababu bila hicho ndoa ya marehemu haielezeki.

Marehemu Nathaniel Mutalemwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, Kamachumu, Mkoa wa Kagera, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Alexander Mutalemwa, mkulima wa kahawa na migomba, na Mama Bernadetta. Alisoma shule ya msingi huko huko Kamachumu kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akaendelea na sekondari mjini Bukoba hadi alipomaliza kidato cha nne mwaka 1974, na walimu walimjua kwa tabia moja, kwamba wenzake wakishapata jibu la hesabu na kufunga madaftari, yeye alikuwa bado analitafuta jibu lile lile kwa njia nyingine. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu ukimtuma chumvi atarudi mboga imeshaliwa, lakini itakuwa chumvi kweli.

Mwaka 1975 alikuja Mwanza kwa meli, akajifunza kuchonga vyuma katika karakana ya injini za boti, na mwaka 1981 akachukuliwa na Mzee Salum, fundi bunduki mwenye leseni, aliyekuwa na karakana yake Nyamagana. Mzee Salum alipofariki mwaka 1985, kazi ilibaki kwa mwanawe Bashiru, na vijana hao wawili, Mwislamu wa mjini na Mlutheri wa Kamachumu, wakaiendesha pamoja hadi uzeeni, wakibishana karibu kila siku na wasigombane hata siku moja.

Bunduki walizozipokea kwa wingi zilikuwa shotgani za wakulima na walinzi, zinazorusha marisau, vile vipunje vidogo vya risasi, na aliyewahi kuchungulia mtutu wake anajua kwamba tundu huenda kwa upana mmoja karibu urefu wote, kisha hubanwa kidogo mdomoni ili marisau yatoke yamekusanyika. Kijiti cha shaba alichokichonga Mzee Salum kwa ajili ya kupimia kilikuwa kimelika, ikabidi kitafutwe kipimo kingine, na mwanzoni mwa mwaka 1987 mfanyabiashara mmoja kutoka Nairobi akawaachia viwili wavijaribu, wachague kimoja. Cha kwanza kilikuwa kigingi cha shaba chenye ngazi, ambacho unakitumbukiza mdomoni mwa mtutu na kukisoma pale kinapokwama. Cha pili kilikuwa fimbo ndefu, yenye saa upande mmoja na vijiguu upande wa pili, vijiguu ambavyo hutanuka ndani ya mtutu na kuusogeza mshale wa saa kila upana unapobadilika. Bashiru alikitaka kigingi, kwa kuwa hakina springi ya kukatika wala mshale wa kulaghai, na mteja anajionea mwenyewe, na marehemu, baada ya kuwaza sana, akakubaliana naye.

Kwa kigingi hicho marehemu aliipima bunduki ya Mzee Ngosha wa Sengerema, mkulima wa mpunga, aliyeitumia kuwafukuza viboko shambani, na ambaye binti yake, Selina, marehemu alikuwa amekwisha kutuma habari kwamba atakuja kumposa. Mdomo ulikuwa sawasawa, ndani kuling'aa kama kioo, marehemu akasema mtutu ni mzima, na Mzee Ngosha akarudi kwake akiwa na furaha.

Siku chache baadaye, kabla mfanyabiashara hajarudi kuchukua kipimo kisichotakiwa, marehemu aliijaribu ile fimbo ya saa kwenye mtutu mkongwe uliokuwa umetupwa kona ya karakana, ambao mdomo wake kigingi kilikuwa kimeuonyesha kuwa mzima, akaona mshale unaruka katikati, mahali ambapo mtu fulani zamani alisugua kutu kwa msasa hadi chuma kikabaki chembamba. Mtutu wa namna hiyo hupiga vizuri mwaka hadi mwaka, kisha siku moja hupasuka usoni pa aliyeushika, na kilichomkosesha marehemu usingizi ni kwamba msasa ule ulikuwa umeacha mng'ao ule ule aliousifia kwenye bunduki ya Mzee Ngosha.

Siku ya posa, Jumamosi tarehe 9 Mei 1987, Bashiru, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, alifika kivukoni na wazee wawili, wakamkuta marehemu amesimama pale, amevaa shati la kanisani, na ile fimbo ya saa ameizungushia taulo.

"Wewe unakwenda wapi?" Bashiru alimuuliza. "Mposaji hajipeleki."

"Siendi kuposa. Naenda kupima."

"Basi kapime, lakini mke ujue umeshamkosa."

Walipokaribishwa, marehemu aliwaamkia wazee shikamoo, na kabla mshenga hajafungua kinywa akaomba aletewe bunduki, ambayo Mzee Ngosha alikuwa amekusudia kuipiga hewani jioni ile kama mambo yangekubalika. Mzee Ngosha alicheka, akawauliza kama wamekuja kuoa au kukagua silaha, kisha akamkazia macho kijana.

"Si wewe uliyeniambia ni nzima?"

"Ni mimi, Baba. Nilipima mdomoni tu, ndani sikufika. Nimekuja kulifuta neno langu kabla hujalitegemea."

Hakuipima yeye, alimshikisha Mzee Ngosha fimbo ile aivute polepole kwa mkono wake mwenyewe, na kila alipoivuta mshale uliruka mahali pale pale. Mzee Ngosha hakucheka tena, akasema kwa sauti ndogo kwamba msasa alipitisha mwenyewe, bunduki ilipokaa na maji msimu mmoja wa masika, akaichukua, akaingia nayo ndani, na hakutoka. Posa haikutajwa, hata wali uliokuwa ukinukia jikoni haukuletwa, na wajumbe wakarudi kivukoni na njaa yao, Bashiru akiwa mbele.

Mwezi uliofuata Mzee Ngosha aliingia karakanani Nyamagana bila bunduki, kwa kuwa alikuwa ameisalimisha polisi, akaketi, akapewa chai, akaimaliza yote kwanza.

"Kijana aliyekubali kumkosa binti yangu ili mimi nisipasuke uso," alisema, "nitamwogopea nini? Rudini Jumamosi. Na huyu abaki nyumbani, kama watu wengine."

Hivyo kigingi kikarudishwa Nairobi na fimbo ya saa ikabaki, na marehemu akafunga ndoa takatifu na Selina tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa watoto watatu, Kokulinda aliyezaliwa mwaka 1988, Renatus mwaka 1991 na Yeremia mwaka 1996. Walihamia hapa Buswelu mwaka 1999, na kila mmoja aliyekulia katika nyumba hii ameulizwa na marehemu, akija na habari ya pikipiki anayotaka kuinunua, au ya mchumba, "Umepima mdomoni, au umefika ndani?" Aliuliza kwa upole, na alingoja jibu.

Marehemu aliacha kazi mwaka 2017, macho yalipopungua. Mwezi Agosti 2024 chakula kilianza kumkwama kooni, akapelekwa hospitali, na alipoelezwa kwamba itashushwa kamera ndogo kupitia mdomoni, alimwambia daktari kwamba hicho ndicho kipimo, akamwomba atakachokiona asimfiche. Ilikuwa saratani ya umio. Daktari alimwambia yote, marehemu akamshukuru, na akamshika mkono mkewe kabla yeye hajashikwa. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 21 Januari 2025, akiwa na umri wa miaka 68, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu bila kumficha, majirani wa Buswelu waliokesha nasi, usharika, mafundi wa Nyamagana waliofunga kazi leo, na ndugu waliosafiri kutoka Kamachumu na Sengerema.

Kati ya waliokuwepo Sengerema siku ile ya posa, Mzee Ngosha alitangulia mwaka 2006, na wale wazee wawili wamemfuata. Walio hai ni Mzee Bashiru, aliyeketi hapa mbele, ambaye ndiye anayekitunza kipimo, na Mama Selina, ambaye alikuwa chumba cha ndani akisikia kila neno, akalia siku ile kwa kudhani ameachwa, hadi baba yake alipoingia na bunduki mkononi akamwambia anyamaze, mume amempata.

Pumzika, Baba Kokulinda, pumzika kwa amani, neno lako tumelitegemea.