Darshan Anatafuta Mlima wa Bei Nafuu

Nje ya duka la mashine za kufulia, Kilburn, London, kuna benchi ambalo kila Jumamosi asubuhi wanaume watatu hulikalia huku nguo za nyumba zao zikizunguka ndani. Kahawa huleta Talib, Mpemba anayeitwa Balozi kwa kuwa anajua sheria za nchi zote asizowahi kufika. Bhanu wa Mombasa, mwenye duka la nafaka, huitwa Kilo. Wa tatu ni Darshan wa Limuru, aliyeshuka Heathrow Oktoba iliyopita, mwaka 1970, akaingia kiwanda cha biskuti. Jina la utani bado hajapewa. Jumamosi hii ya Februari kikombe amekiweka chini, hajakigusa. Mtu ana hasira.

— Mwalimu kagawa barua darasa zima, alisema Darshan. Watoto wanapelekwa Austria kucheza skii, kuteleza kwenye theluji na mbao miguuni. Kafika kwa Kalpana wangu, kamruka. Eti ninyi watu wa joto, hamtapenda.

— Kamruka hivi hivi? aliuliza Balozi.

— Hivi hivi. Basi nitampeleka mwenyewe. Na mama yake, na wadogo zake wawili. Lakini hizo hoteli za Austria siziwezi.

— Nani kakutuma Austria? alisema Kilo. Scotland kuna vilima havina hoteli wala foleni. Unapanga kwa mkulima, chumba juu ya zizi, kondoo wanakupasha joto toka chini. Chukua vani yangu, unga, dengu na jiko la mafuta ya taa.

— Na skii zenyewe?

— Mbao za kitanda, alisema Balozi. Unazichemsha, unazipinda ncha. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Na sisi tulale wapi?

— Chini. Si wiki moja tu?

Darshan hakucheka. Tangu siku ya barua ile, Kalpana haongei tena Kipunjabi wala Kiswahili nyumbani. Ni Kiingereza tu, nacho maneno ya kuhesabu. Mtoto wa miaka kumi na moja ameanza kujificha ndani ya nyumba yao wenyewe, na hilo lilimchoma baba yake kuliko barua. Jumatano alimwapia mbele ya mama yake kwamba watakwenda.

— Mimi Pemba nimeteleza vilima vyote kwa kuti la mnazi, Balozi aliendelea. Skii ni kuti lililosoma.

— Na kupanda juu?

— Kamba. Kilo anaifunga nyuma ya vani, anaivuta familia nzima kama samaki kwenye utungo.

— Na kule juu nauza chai na bajia, alidakia Kilo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Methali hiyo umeileta ya nini kwenye skii? Darshan alifoka. Mwalimu anacheka, na ninyi mnacheka. Mimi nataka mtoto asimame juu ya mlima, apigwe picha, akamkabidhi yule mwalimu mkononi. Basi.

Kicheko kilikatika. Balozi akammiminia kahawa yote iliyobaki.

— Utakwenda, ndugu yangu.

— Vani bure, alisema Kilo. Petroli juu yangu.

Hapo akatoka ndani Sesilia, mwanafunzi wa unesi kutoka Moshi, na kikapu cha nguo kiunoni. Alikuwa amesikia yote.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Samahani, wazee wangu. Mnakwenda lini?

Balozi na Kilo wakatazamana. Swali hilo hawakuwa wamelifikia.

— Julai, alisema Darshan. Kiwanda kinafunga wiki mbili, sote tunapewa likizo pamoja. Na Julai ndiyo baridi yenyewe. Limuru tulikuwa tunawasha moto mchana.

— Lakini Julai ya huku ni joto, baba, theluji itatoka wapi?

Balozi, mwenye miaka sita London, alianza kukusanya vikombe. Kilo akageuka kuangalia mashine. Darshan alimtazama huyu, akamtazama yule, akasubiri mmojawao amwambie binti huyu kwamba amekosea.

— Kalpana ameshamwambia mwalimu, alisema. Mbele ya darasa zima.