Karatasi Mbili Nilizosoma Kabla ya Hii

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, historia za marehemu wa familia yetu huzisoma mimi kwa sababu ya sauti yangu, leo sauti yenyewe imenikimbia, mnivumilie.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, akamaliza shule ya msingi mwaka 1976 na sekondari mwaka 1980, na tarehe 2 Mei 1983 akaajiriwa kuwa karani wa masijala ya hospitali, ambako alikuwa akilipata jalada kabla mgonjwa hajamaliza kutaja jina. Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi saa asiye na haraka hata kidogo, wakajaliwa binti mmoja.

Agosti 1991 alianza kuyasikia majalada yakimsengenya, akalazwa, ugonjwa huo wa akili ukapewa jina, skizofrenia, jina ambalo asubuhi hii wakubwa wa familia wameniomba nilibadilishe liwe presha.

Mwaka 2014 walikuja watafiti wanaochunguza kama ugonjwa huu hurithiwa, wakamwomba damu na orodha ya ndugu waliougua, naye, karani hadi kwenye mifupa, akatafuta maandishi, akazikuta sandukuni historia za marehemu baba na marehemu shangazi, ya baba ikisema nimonia, ya shangazi ikisema homa ya ghafla, ilhali sote tunajua baba alifungiwa chumba cha nyuma miaka tisa, na shangazi alikuwa akijibizana na ukuta. Zote mbili niliziandika mimi, nikazisoma kwa sauti hii hii. Aliniwekea karatasi hizo mezani, hakunigombeza, aliniuliza tu, binti yake akiumwa daktari atasoma wapi. Niliona aibu, nikaikanusha orodha, na damu yangu nikawanyima watafiti. Watafiti walimweleza kwamba hakuna chembe moja ya urithi ya kulaumiwa, ziko nyingi, kila moja ina mchango mdogo, kwa hiyo wanahitaji familia nzima, na familia nzima alikuwa yeye peke yake.

Alifariki tarehe 9 mwezi huu, saa nne asubuhi, kwa nimonia, safari hii ya kweli, muulizeni daktari.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomrudisha nyumbani kila alipopotea bila kumcheka, na wenzake wa masijala waliomtunzia kiti chake kila alipolazwa. Binti yetu, mimi mjomba wako nitawapa watafiti damu Jumatatu, na karatasi hii ni yako, mpe daktari.

Baba aliugua kama wewe, dada, shangazi aliugua kama wewe, nimelisema mbele ya watu wote, nimechelewa, nisamehe. Pumzika kwa amani.