Kaye ya Tatu ya Sephora

Bapapa, bamama, ndugu na jirani mliokuja kulia nasi hapa Kikula, minye ni Bertin Kalala, yaya wa marehemu, niliyemtangulia kuzaliwa, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na ninayasoma kwa hasira, sifichi, maana tangu Alhamisi kitabu cha kwanza cha mdogo wangu kinaangamia katika uwanja huu huu.

Sephora Misenga Kalala alizaliwa Likasi tarehe 14 Machi 1996, mtoto wa nne wa Papa Constantin, fundi wa umeme kiwandani, na Mama Angèle, akaanza shule ya msingi hapa mwaka 2002, akasoma sekondari Mulungwishi, akapata diploma ya serikali mwaka 2014, akamaliza masomo ya fasihi Lubumbashi mwaka 2019, na hakuweza kupita karibu na neno lililoandikwa vibaya bila kulisahihisha, hata matangazo ya kanisa, hata kibao cha duka la baba mdogo, ambaye hakumsamehe.

Tarehe 3 Juni 2019 aliingia kazini katika nyumba moja ya kuchapisha vitabu Lubumbashi, jina lake silitaji kwa heshima ya jeneza hili, wakamwita stagiaire, mwanafunzi wa kazi, akabaki stagiaire miaka mitano, mnisikie vizuri, mitano, vitabu kumi na kimoja vikapita mikononi mwake na jina lake halimo hata kwa herufi ndogo za nyuma, na siku alipouliza, mkubwa wake akamjibu, "Mademoiselle, weye uko hapa kwa kujifunza," lo, kujifunza, na yeye ndiye aliyewafundisha kazi wale waliopandishwa juu yake!

Agosti 2024 akarudi Likasi, akafungua nyumba yake mwenyewe ya vitabu, yaani meza, kompyuta na chumba cha mbele cha mama, akaenda Kapolowe mara saba kuandika maisha ya bamama wakulima kwa Kiswahili chao wenyewe, nasi tukamcheka, minye wa kwanza, nikamwambia kitabu hakiliwi. Septemba mwaka huu kurasa zikatoka kwenye mashine, nakala mia nne, bila kushonwa, kwa sababu alitaka zishonwe kwa mikono ya bamama wa Likasi, na kitabu ambacho hakijashonwa ni kaye tu, karatasi iliyokunjwa ikawa kurasa kumi na sita, kaye tisa kwa kila kitabu, akazipanga kando ya ukuta, za kwanza zote rundo moja, za pili rundo moja, mpaka rundo la tisa.

Alichumbiwa na Hénoc, aliyeketi hapa mbele, mahari ilikuwa itolewe tarehe 20 Desemba, watoto hakujaliwa, na karatasi niliyopewa na wazee imeandikwa "hakuacha kitu", maneno hayo nimeyafuta.

Malaria ilimwangusha tarehe 27 Oktoba 2025, akalazwa tarehe 2 Novemba, akafariki Alhamisi tarehe 6 saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka ishirini na tisa, na neno lake la mwisho kwa Hénoc lilikuwa juu ya uzi, anunue ule mgumu.

Mchana wake, chumba kilipokuwa kinatolewa vitu ili viti vya kilio viingie, shangazi yetu, Tante Clémentine, akalitazama rundo la tatu, akasema, "Iko makaratasi ya bule, haina hata couverture," yaani jalada, akalipeleka jikoni, likararuliwa kufungia karanga tunazowagawia. Angechukua kitabu kimoja kizima, vingebaki mia tatu tisini na tisa, lakini amechukua kaye ya tatu ya vitabu vyote, ukurasa wa 33 hadi wa 48, na hakuna kitabu kinachosimama na tundu katikati. Tante, ninakuheshimu, lakini kuuliza kulikushinda nini? Na minye nilitafuna pakiti mbili kabla sijaona neno Kapolowe kwenye vidole vyangu. Mtu asiniambie zitachapwa tena, aliyekuwa tayari kukesha na kujinyima kwa ajili yake ndiye tunayemzika, hata hivyo asubuhi tumekuta kaye mia moja na kumi na mbili bado nzima, basi vitabu mia moja na kumi na viwili vitashonwa, kuanzia Jumatatu, na vitatoka na jina lake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku nne, jirani waliotoa viti na maji, na bamama walioahidi kushona, ila wakubwa wake wa Lubumbashi, walioleta shada la maua lililoandikwa "kwa mwenzetu mpendwa", shada lao liko nje, walichukue.

Pale nyuma ameketi Mama Claire, aliyetoka Kapolowe alfajiri, hajui kusoma, ukurasa wa 33 hadi wa 48 ni maisha yake, na tangu alipofika ameshika karanga zilizofungwa kwa kurasa hizo. Mama, mwaga hizo karanga, nipe karatasi, nikusomee.

Sephora, weye lala, umechoka, siye ndio tunaanza kazi.