Sindano za Kidevuni

Wanangu, sogeeni, sauti yangu haifiki mlangoni tena. Giyono, zima hiyo simu. Lastri, acha kulia, bado sijafa.

Kesho mnataka kuniingiza kwenye ile mashine ya sumaku, mkapige picha ubongo wangu. Nauliza tena: picha ya nini? Tangu lini mtu akisahau sufuria jikoni anapelekwa mjini? Giyono, nimekuzaa, nakujua: unataka daktari aseme mama hana akili, upate kuuza shamba la mpunga. Usinikatize! “Mbok, mama yetu, tunakuhofia tu,” ndiyo kauli yako kila siku, na macho yako yako shambani. Shamba ni lenu wawili, na haliuzwi. Mmesikia.

La pili. Yule muuguzi aliniuliza kama nina chuma mwilini, nikamjibu sina, kwa sababu mkeo, Giyono, alikuwa pale katega sikio, na kesho yake soko zima lingejua. Nilipokuwa mwimbaji wa harusini, kabla baba yenu hajanioa, nilitiwa susuk, vijisindano chini ya ngozi, hapa kidevuni na hapa shavuni, ili nikiimba watu wasibandue macho. Sijuti ng'o! Baba yenu alinasa, nanyi mkazaliwa.

Mganga aliyezitia aliapa ni dhahabu tupu. Dhahabu haivutwi na sumaku, basi nikatulia. Lakini tangu asubuhi namuwaza: mtu wa dhahabu, mbona ndala zake zilikuwa zimefungwa kwa waya? Lastri, lete ile sumaku yako ya kuokotea pini za cherehani. Weka hapa. Taratibu.

Aa! Mmeona ngozi ilivyoinuka? Mwizi mkubwa yule! Chuma! Urembo wangu wote ule, chuma! Cheka tu, Giyono, hata mimi... ngoja nipumue.

Giyono, mbona umenikumbatia hivyo? “Ningekuingiza mle mwenyewe, Mbok, kwa mikono yangu.” Haya, haya, nyamaza. Labda nilikudhania vibaya. Labda. Shamba haliuzwi vilevile.

Mwambieni daktari kila kitu, msione haya, atafute mashine isiyovuta. Saa yangu ikifika, sindano hizi zitolewe kwanza, nife kwa amani, ndipo nioshwe, maana mwenye susuk roho yake hugoma kutoka. Mungu awatunze... msitupane, wanangu... mle sahani moja...

Lastri, hiyo sumaku... iondoe, mama. Bado inavuta.